Hrib Kwenye Ndara za Wageni

Asubuhi ile Otakar alishuka ngazi akiwa na soksi tu, akielekea jikoni kuchemsha maji ya kahawa, na alipoipita rafu ya ndara pale mlangoni akakuta hrib imeota ndani ya ndara ya kushoto ya wageni. Ilikuwa hrib yenyewe, ule uyoga mnene ambao watu wa kijiji cha Lhotka huuamkia alfajiri na kuuwaza mchana kutwa: shina la kujaa kiganja, kofia ya rangi ya mkate ulioiva vizuri. Otakar akachutama kwa taabu, maana magoti yake yalikuwa yamechoka kumtumikia, akatoa kisu kidogo mfukoni, akaikata shinani na kuipasua katikati aone kama ina funza. Haikuwa na funza hata mmoja.

Mkewe Drahomira, ambaye kila mtu alimwita Draha, aliipokea, akainusa, akauliza imetoka wapi. Otakar akamwambia imetoka kwenye ndara za wageni. Draha akasema afadhali, maana hakuwa na kitu cha kutia kwenye mayai, akaikatakata na kuitumbukiza kikaangoni.

Ndara za wageni alizivaa Lumir. Katika nyumba ile hakuna aliyekanyaga sakafu kwa viatu vya nje, na kila mtu wa familia alikuwa na ndara zake pale rafuni: za Otakar za ngozi, za Draha zenye manyoya, za binti yao Blanka, za mwana wao Radovan, na za Hynek, mume wa Blanka, ambazo Otakar alimnunulia mwenyewe wiki ya harusi. Lumir alikuwa akiishi na Radovan mjini Brno kwa miaka kumi na mmoja, nyumba moja, kitanda kimoja, na kila vuli walikuja pamoja kukaa wiki nzima Lhotka, kisha wakarudi tena usiku wa Krismasi. Miaka yote hiyo Lumir aliingiza miguu kwenye zile za kijivu za wageni, ambazo zilikuwa fupi na kumwacha kisigino nje. Hakuna aliyekaa kikao akapanga iwe hivyo. Ndivyo ilivyokuwa tu.

Vilevile alimwita Otakar "Mwalimu", kwa kuwa alikuwa amefundisha kemia mpaka alipostaafu. Kule mdogo hamzoei mkubwa hivi hivi. Mkubwa ndiye hutoa ruhusa, kwa kumimina glasi mbili za pombe kali ya plamu, wakazigonganisha, na kuanzia hapo wanaitana kama watu wa nyumba moja. Hynek alimiminiwa siku ya harusi yake na tangu siku hiyo alimwita Otakar "Baba". Lumir alikuwa bado hajamiminiwa. Hakuwahi kusema kwamba anasubiri, lakini kila chupa ya plamu ilipotoka kabatini alikaa wima kidogo.

Jioni iliyotangulia, wakiwa mezani, Otakar alikuwa ametangaza jambo. Alikuwa na mahali pake msituni. Alionyeshwa na baba yake, naye baba yake alionyeshwa na wake. Mtu wa Lhotka atakuazima gari, atakuazima msumeno, na ukimpata siku nzuri atakusimulia mpaka upasuaji wake wa tezi, lakini mahali pake pa uyoga hakuonyeshi ng'o. Pale ni pa familia. Kwa sababu ya mahali pale Otakar alikuwa ameshinda maonyesho ya uyoga ya kijiji mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na kwa kuwa hakupenda majivuno, alilisema hilo pale tu alipoulizwa, na pale alipoona watu wamesahau kuuliza. Sasa magoti yalikuwa yanamwambia kwamba muda umefika. Alisema mwaka huu atamwonyesha Hynek.

Hapo Lumir, ambaye hakuwahi kuomba kitu katika nyumba ile zaidi ya chumvi, aliweka uma chini.

"Mwalimu, naomba na mimi nije. Nitabeba kikapu tu."

Otakar alijibu kwamba kule kunateleza, na watu wakiwa wengi msitu unachafuka. Lumir akasema sawa. Akaondoa sahani mezani, akamsaidia Draha kuosha vyombo, akaenda kulala akiziacha ndara za wageni rafuni, sambamba, kama alivyofanya kila siku. Hiyo ndiyo ndara iliyoota hrib.

Otakar na Hynek walitoka mara tu baada ya mayai. Hynek alivaa koti la nailoni lililopiga kelele kila alipoinua mkono, na njiani aliuliza mara mbili kama kule wanakokwenda kuna mtandao. Otakar alimzungusha kwa njia ya mbali, kama alivyozungushwa na baba yake, mpaka wakafika kwenye jiwe lenye ufa na misonobari miwili iliyokua imekumbatiana. Hapakuwa na kitu. Si hrib, si uyoga wa kuliwa na konokono, hakuna. Otakar, mtu ambaye hakuwahi kupigia magoti kitu chochote maishani, alipiga magoti akapapasa majani yaliyooza kwa vidole.

"Labda kuna watu wametuwahi, Baba," alisema Hynek huku akitazama simu yake.

Hakuna aliyewawahi. Utando wa buibui ulikuwa umetanda kati ya misonobari bila tundu hata moja. Otakar alisimama, akajipangusa, akashika njia ya kurudi.

Nyumbani walimkuta Lumir amekaa kwenye benchi la uani akimenya viazi. Alikuwa ametoka jikoni kwenda kisimani kuchota maji, na kutoka kisimani kwenda benchini, na kila alipokuwa ametia mguu palikuwa na hrib. Zilijipanga kwenye nyasi mbili mbili, kushoto na kulia, na Draha alikuwa akizifuata na kikapu, ameinama, akiimba wimbo wa shule. Radovan alimwambia baba yake aangalie asikanyage.

Wivu ulimpanda Otakar kutoka magotini mpaka masikioni. Alikuwa amewahi kuona wivu kabla, kwa trekta ya jirani, kwa mwalimu mwenzake aliyepewa ukuu wa shule, lakini huu ulikuwa wivu wa mtu anayemkuta mkewe akimchekea mwingine. Maisha yake yote aliufuata uyoga kwenye baridi na umande, akiuinamia, akiubembeleza, akiuficha watu wasiujue. Na huyu hapa ameketi kitako na viazi, uyoga wenyewe umemjia mpaka miguuni.

"Umefanyaje?" alimwuliza.

"Sijafanya kitu, Mwalimu. Nimekwenda tu kuchota maji."

Siku zilizofuata hrib ziliota kwenye ngazi, moja kila kipandio, kwa sababu Lumir alilala juu. Ziliota bafuni karibu na sinki, na moja nene iliota kwenye gari la Radovan chini ya kiti cha abiria. Otakar alieleza mezani kwamba ni unyevu tu, na kwamba mbegu za uyoga ni vumbi linaloweza kusafiri na nguo za mtu yeyote. Draha alisema inawezekana. Alitunga vipande vya hrib kwenye uzi na kuvitundika juu ya jiko mpaka jikoni kukawa kunanukia msitu, na Otakar akawa anazihesabu nyuzi.

Jambo moja lieleweke: Otakar hakuwa mtu wa chuki, na ushahidi alikuwa nao. Chuki dhidi ya watu wa namna ya Radovan na Lumir hutoka makanisani. Hilo alilisoma, alilisikia, na aliliona kwenye televisheni, mapadri wa nchi jirani wakitoa mapovu. Yeye hakuwa na kanisa. Baba yake hakuwa nalo. Katika nyumba ile hakuna aliyesali tangu bibi mzaa baba alipofariki, na hata yeye, walisema, alikuwa akisinzia. Kwa hiyo Otakar alilipiga hesabu kama mlinganyo, akaondoa Mungu upande huu na upande ule, na jibu likatoka sifuri. Siku Radovan alipomwambia kuhusu Lumir, alisema "haya", akauliza kama chakula kiko tayari. Aliona amefaulu mtihani ambao wengine wangeanguka.

Asubuhi moja, wengine wakiwa wamelala, alishuka akavaa buti za Lumir. Zilimbana vidole. Alizunguka nazo uwanja mzima, akaenda mpaka kisimani na kurudi, akikanyaga kwa nguvu na kwa upole, akijaribu hata mwendo wa Lumir, ule wa kuburuza mguu kidogo. Kisha akakaa kwenye benchi kungoja. Jua lilipotoka hakuna kilichoota isipokuwa lengelenge kwenye kisigino chake. Alipoinua macho alimwona Lumir dirishani juu, ameshika pazia. Jioni Lumir alizipaka buti zake mafuta, akalegeza kamba zake, akaziweka karibu zaidi na mlango ili mtu mwenye magoti mabovu asihangaike kuzifikia.

Otakar aliona jambo hilo akaumia zaidi kuliko kama angetukanwa.

Habari zilikuwa zimeshafika baa. Svatopluk, mwenye trekta, ambaye ndiye aliyeongoza maonyesho ya uyoga, alimsogezea Otakar kiti na kumwuliza kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Nasikia mkweo wa Brno anaotesha hrib kwa kutembea."

"Si mkwe wangu."

"Ni nani basi?"

"Ni rafiki wa Radovan."

"Rafiki wa miaka yote hiyo? Mimi mke wangu hakunivumilia nusu yake," alisema Svatopluk, na meza nzima ikacheka, Otakar naye akacheka ili asiachwe nyuma. Kisha wakajadiliana kwa upole, wanaume wale watano na bia zao. Walikubaliana kwamba wao hawana tatizo na watu hao, wala hapa hakuna padri wa kuwajaza maneno. Mmoja alisema hana tatizo mradi wasishikane mikono barabarani. Mwingine alisema hana tatizo mradi wasifundishe shule. Wa tatu alisema hana tatizo kabisa, kwa nini awe na tatizo, mradi tu asiwe mwanawe, akakumbuka aliyeketi mbele yake, akamwagizia Otakar bia. Otakar aliinywa. Alichokuwa akiwaza si mazungumzo hayo. Alikuwa akiwaza kwamba kijiji kizima sasa kinamtaja Lumir wakati wa kutaja uyoga, ilhali awali jina lililotajwa lilikuwa lake.

Maonyesho yalifanyika Jumapili, ndani ya kanisa. Kanisa la Lhotka lilikosa padri tangu Otakar akiwa kijana, na kwa kuwa ndani yake ni baridi na giza kidogo, uyoga ulikaa humo vizuri. Otakar alipenda kusema kwamba jengo lile limepata kazi ya maana hatimaye. Kila familia ilikuwa na meza yake, kadi moja yenye jina la ukoo, na watu wa ukoo walisimama nyuma yake. Kikapu cha Otakar mwaka huu kilijaa hrib za kwenye ngazi na za benchini, na juu kabisa ilikaa kubwa kuliko zote, iliyoota alfajiri ile chini ya kiti cha jikoni ambacho Lumir alikalia kunywa chai. Draha alikuwa amemwambia amwombe Lumir mwenyewe kwanza. Otakar akajibu kwamba kinachoota chini ya paa lake ni chake, na hiyo si tamaa, ni sheria ya nyumba.

Svatopluk alipima, akanusa, akazungusha kila hrib mkononi. Mwishoni alisimama mbele ya meza ya Otakar na kuuliza swali linaloulizwa kila mwaka.

"Umeziokota wapi?"

"Msituni," alijibu Otakar, jibu linalojibiwa kila mwaka, na kanisa zima likacheka na kupiga makofi. Akakabidhiwa zawadi ya mshindi, uyoga uliochongwa kwa mti, ule ule aliouzoea.

Picha ikatakiwa. Otakar akamwita Draha kulia kwake, Blanka kushoto, Hynek nyuma na koti lake la nailoni, na Radovan pembeni. Lumir alikuwa karibu na nguzo ameshika makoti ya watu wote. Radovan alimwashiria kwa mkono aje, na Lumir akaweka makoti kwenye benchi, akapiga hatua mbili.

"Lumir," alisema Otakar, "hebu tupige picha wewe. Una mkono uliotulia."

Lumir alisimama. Kisha akachukua simu ya Hynek, akarudi nyuma mpaka katikati ya kanisa, akawaambia wasogee kidogo, Mama Draha ainue kidevu, Radovan atazame huku. Radovan hakutazama. Lumir akapiga picha mara tatu kwa kuwa Blanka alifumba macho. Na pale aliposimama, mawe ya sakafu yakaachana taratibu, bila kelele, ikachomoza hrib ambayo kofia yake ilikuwa pana kama sinia. Ilipanda mpaka ikamfikia magotini, ikatulia.

Watu waliisogelea. Svatopluk alileta futi yake na kupima, akasema kwa kanuni za maonyesho uyoga ni wa yule anayeukata. Akamtazama Lumir. Lumir akamtazama Otakar, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kuitwa kwa jina. Kila mtu kanisani alielewa kwamba neno moja la Otakar lingetosha.

Otakar aliiona ile hrib. Alifikiria baba yake, ambaye hakuwahi kuona kama ile. Akatoa kisu, akasogea, akainama licha ya magoti, akaikata.

Walipofika nyumbani Radovan alipanda juu akaanza kufungasha. Otakar alimfuata, akasimama mlangoni, akamwambia kwamba ananuna kwa ajili ya uyoga kama mtoto.

"Baba, nikuulize kitu," alisema Radovan. "Yule padri wa kwenye televisheni anayesema sisi ni dhambi. Nikimwuliza kwa nini, atafungua kitabu anionyeshe mstari. Wewe nikikuuliza utanionyesha nini?"

"Mimi sijawahi kusema ninyi ni dhambi. Siamini dhambi."

"Najua. Umeweza bila hata hiyo."

Otakar alisema anasingiziwa. Alisema mahali pa msituni panakwenda kwa kizazi, mtu anarithisha wanawe na wajukuu, na hiyo si dini, ni baiolojia.

"Hynek na Blanka wana mbwa wawili, Baba. Watawaonyesha mbwa?"

"Hynek ni wa familia."

Radovan alifunga begi. Alisema basi, amesikia alichotaka kusikia, na hakupandisha sauti. Aliteremka akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Gari lao halikuwaka, kwa kuwa shina la hrib lilikuwa limepanda mpaka kwenye injini, wakasema watalifuata siku nyingine. Wangekwenda na treni.

Lumir alikuja jikoni kuaga. Alikuwa ameshavaa buti. Ndara za wageni zilikuwa rafuni, sambamba.

"Asante kwa yote, Mwalimu," alisema.

Otakar alikuwa amesimama karibu na kabati. Chupa ya plamu ilikuwa usawa wa mkono wake na glasi zilikuwa pembeni mwake. Wazo la kumimina lilimjia lenyewe, hakulikaribisha, na mkono wake ulishika shingo ya chupa. Alimpenda kijana yule kidogo, kama ukweli lazima usemwe. Lilikuwa jambo la kumimina mara mbili na kugonganisha. Lumir aliuona mkono ule, akakaa wima.

Kisha Otakar akatazama sakafu. Kati ya buti za Lumir, kwenye zulia alilolitandika mama yake Otakar, hrib mbili zilikuwa zikichomoza, ndogo, safi, bila haraka, kana kwamba zimefika kwao. Wivu ukamrudia wote kwa pamoja. Aliiachia chupa, akafunga kabati, akawatakia safari njema.

Alisubiri mpaka walipokata kona. Hapo akachukua kikapu akatoka. Kutoka kizingitini mpaka langoni, kutoka langoni mpaka kituo kidogo cha treni, hrib zilikuwa zimeota kila Lumir alipokanyaga. Nyayo za Radovan zilikwenda sambamba nazo, tupu. Otakar aliinama na kukata, akainama na kukata, akapasua baadhi kuangalia. Zilifika mpaka ukingo wa jukwaa la kituo, zikaishia hapo. Treni ilikuwa imeondoka. Alirudi na kikapu kilichomlemea, na aliyekutana naye njiani alipomwuliza ametoa wapi, alisema msituni.

Theluji ilianguka mapema mwaka ule. Usiku wa Krismasi unapoingia katika nyumba ya Otakar hakuna anayesali, lakini mambo hufanywa kama yanavyofanywa. Draha alipika shayiri na hrib zilizokaushwa na vitunguu saumu vingi. Alikaanga samaki. Aliweka vyungu vyote mezani, karibu, kwa sababu mlo wa usiku huo ukishaanza hakuna anayeinuka mpaka uishe. Mtu akiinuka, husemwa kwamba mmoja wa nyumba hiyo hatauona mwaka ujao. Na kama kila mwaka aliandaa sahani moja zaidi, ya mgeni asiyetarajiwa. Miaka kumi na mmoja sahani hiyo aliilia Lumir. Draha aliandaa kwa idadi ya familia na hiyo moja, na Lumir akaja akakaa penye hiyo moja, na hesabu ikaenda sawa bila mtu kuongeza sahani.

Mwaka huu Blanka na Hynek walikuwa kwa mama yake Hynek pamoja na mbwa. Mezani palikuwa na sahani mbili na ile ya mgeni. Draha alikuwa amesema tangu asubuhi kwamba Otakar awapigie simu. Otakar alijibu kwamba wao ndio walioondoka.

Walikula. Shayiri ilikuwa tamu kuliko miaka yote, na Otakar alijiona akiongeza mara ya pili. Alipokuwa akiweka kijiko chini aliona kwamba kwenye sahani ya mgeni, juu ya kaure nyeupe isiyo na punje ya udongo, hrib ilikuwa imeota. Draha naye aliiona.

"Imekua haraka," alisema Draha.

"Jikoni kuna joto," alisema Otakar.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa ukumbini, juu ya rafu ya ndara. Saa hizo hakuna mwingine ambaye angepiga. Ni Radovan, na kama ni Radovan basi Lumir amekaa ubavuni mwake anasikiliza. Draha aliweka mikono mezani na kuanza kunyanyuka.

"Kaa," alisema Otakar. "Unajua hairuhusiwi. Ni mkosi."

Draha alimtazama mumewe, mwalimu wa kemia, ambaye hakuamini Mungu, wala mizimu, wala bahati nasibu. Alibaki hivyo, nusu amesimama, simu ikilia na kulia. Kisha akaketi. Ikaendelea kulia kwa muda, ikanyamaza.

Otakar akanyoosha mkono upande wa pili wa meza bila kuinuka, akaikata ile hrib kwenye sahani ya mgeni, akaipasua katikati na kuisogeza karibu na mshumaa. Haikuwa na funza hata mmoja.